Nani Alilipie Gari la Taka? Dar es Salaam na Serikali za Juu Yake, 1949–2021

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Watu hao hula, hununua, hufungua na kutupa, na kila siku huacha nyuma yao maelfu ya tani za taka. Kisheria, kazi ya kuziondoa ni ya halmashauri, yaani serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi. Hata hivyo, mtu akiipitia historia ya uzoaji taka jijini humo, katika kila hatua ataukuta mkono wa serikali iliyo juu ya halmashauri: mkoa, Ofisi ya Waziri Mkuu, Ikulu, Hazina. Mara nyingine mkono huo ulileta magari na fedha, na mara nyingine uliivunja halmashauri yenyewe.

Taka zinapolundikana mtaani, watu wana majibu matatu yaliyo tayari. Wapo wanaowalaumu wakazi kwa kukosa ustaarabu, wapo wanaowalaumu madiwani na watendaji kwa uzembe, na wapo wanaowalaumu wakandarasi kwa tamaa. Kila jibu lina chembe ya ukweli. Lakini tukifuata miaka kwa mpangilio wake, sababu nyingine inaanza kuonekana, nayo ndiyo makala haya yanakusudia kuieleza: kwa muda mrefu wajibu wa kuzoa taka ulikaa mahali pamoja, na fedha za kuutekeleza zikakaa mahali pengine.

Tuanze na wakati wa ukoloni. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa, ikawa na meya na baraza lake. Baraza hilo lilitoza kodi ya majengo, na kutokana na mapato hayo na mengine likahudumia barabara, mifereji na usafi. Huduma haikuwa ya haki. Mji ulikuwa umegawanywa kwa misingi ya rangi, hivyo Uzunguni palisafishwa kwa uangalifu, Uhindini kwa kiasi, na maeneo ya Waafrika kama Kariakoo yakapata kilichobaki. Lakini pamoja na dhuluma hiyo palikuwa na utaratibu ulioeleweka: chombo kilichozoa taka ndicho kilichokusanya kodi, na bajeti ya mwaka ilipangwa mahali pamoja na orodha ya kazi za mwaka.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, Dar es Salaam ikatangazwa kuwa jiji. Wakazi wake bado walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta watu zaidi kidogo ya 270,000 mjini. Baraza la Jiji lilibeba sasa jukumu kubwa kuliko la manispaa ya kikoloni, kwa kuwa lilitakiwa kuwahudumia wote bila ubaguzi. Wakati huohuo wahamiaji walikuwa wakimiminika kutoka mikoani, wakijenga Manzese, Buguruni na Keko katika viwanja ambavyo havikuwa vimepimwa. Nyumba isiyopimwa ni vigumu kuitoza kodi ya majengo, na nyumba isiyo na barabara ni vigumu kuifikia kwa lori. Kwa hiyo pengo kati ya taka zilizozalishwa na fedha zilizokusanywa lilikwisha kuanza kupanuka.

Mageuzi makubwa ya kwanza yakaja mwaka 1972. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha mfumo uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Nia yake, kama ilivyoelezwa, ilikuwa kuwapeleka wataalamu na fedha za wizara karibu na wananchi, ili maamuzi ya maendeleo yasisubiri Dar es Salaam. Katika utekelezaji, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Baraza la Jiji la Dar es Salaam liliondolewa mwaka 1974, na eneo lake likagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Temeke na Kinondoni chini ya uongozi wa mkoa.

Tuyaangalie matokeo ya hatua hiyo kwa upande wa taka. Mkurugenzi wa maendeleo wa mkoa alikuwa mtumishi wa serikali kuu. Bajeti yake ilitoka Hazina, na vipaumbele vyake vilitoka kwenye mipango ya taifa, ambayo kwa miaka ile iliweka mbele kilimo, vijiji, shule na zahanati. Hivyo vilikuwa vipaumbele halali katika nchi ambayo wengi wa wananchi wake waliishi vijijini. Lakini lori la taka la Ilala lilipoharibika, matengenezo yake yalishindana na visima na madarasa ya nchi nzima, na hapakuwa na diwani wa kata aliyechaguliwa kwa ahadi ya kuliona lori hilo barabarani. Ndani ya miaka michache huduma za miji zilidhoofika waziwazi. Kipindupindu kilichozuka nchini mwaka 1977 kiliongeza hofu kwamba miji ilikuwa imeachwa bila mlezi.

Serikali ikageuza uamuzi wake. Sheria ya mwaka 1978 ilirudisha halmashauri za miji, na Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zikakamilisha kazi hiyo: Sheria Namba 8 ilizipa mamlaka za miji wajibu wake, uzoaji taka ukiwa miongoni mwake, na Sheria Namba 9 ikaeleza vyanzo vyake vya fedha. Mfumo mzima ulianza kufanya kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia kama angeanza upya.

Hata hivyo, kurudisha halmashauri hakukurudisha uwezo wake. Jiji lililozaliwa upya lilikuta magari chakavu, orodha za kodi zilizopitwa na wakati, na watumishi wazoefu waliokwisha kuhamishwa. Na idadi ya watu haikuwa ile ya zamani, kwani mwaka 1978 mkoa ulikuwa na watu wapatao 840,000, na kufikia 1988 walikuwa zaidi ya milioni 1.3.

Hapa wanaoitafiti historia ya jiji hutofautiana. Wapo wanaoona kwamba kuporomoka kwa usafi katika miaka ya 1980 kulitokana hasa na uchumi: vita vya Kagera vya 1978–79, kupanda kwa bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni uliofanya hata tairi la lori na kipuri cha pampu vikosekane. Wengine hutaja kasi ya ongezeko la watu. Wengine husisitiza miaka ile ambayo jiji lilikaa bila halmashauri. Maelezo ya uchumi yana nguvu, kwa maana huwezi kuendesha gari la taka bila dizeli, na nchi nzima ilikosa dizeli. Lakini uchumi peke yake hauelezi kwa nini hali iliendelea kuwa mbaya hata bidhaa ziliporejea madukani mwishoni mwa muongo huo. Inaelekea kwamba uchumi ndio uliosimamisha magari, na kukatika kwa uhusiano kati ya kodi na huduma ndiko kulikozuia yasiwashwe tena.

Mahali palipoonyesha hali hiyo wazi zaidi ni Tabata. Kwa miaka mingi jiji lilimwaga taka zake huko, katikati ya makazi. Taka zilichomwa na kuungua kwa siku nyingi, moshi ukaingia majumbani, na inzi pamoja na harufu vikawa sehemu ya maisha. Wakazi walilalamika kwa viongozi bila mafanikio. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu na kufungua kesi ya madai namba 29 dhidi ya Halmashauri ya Jiji.

Mahakama iliwapa haki wakazi na kuitaka Halmashauri iache kumwaga taka Tabata. Halmashauri haikupinga kwamba moshi ulikuwepo. Ilichofanya ni kurudi mahakamani kuomba muda, kisha kuomba muda tena, kwa hoja kwamba haikuwa na mahali pengine pa kuzipeleka. Septemba 1991 ombi la mwisho lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alishangazwa kuona chombo cha umma kikiomba mahakamani ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Haki hizo za msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ni kuanzia 1988 tu ndipo zilipoweza kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo hukumu ya Tabata ilikuwa miongoni mwa matunda ya mapema ya mabadiliko hayo, na mpaka leo inasomwa na wanafunzi wa sheria ya mazingira.

Ushindi ule ulihamisha tatizo bila kulimaliza. Halmashauri ilielekeza taka Kunduchi Mtongani, nako wakazi wapatao 800 wakaungana kwenda mahakamani na kuizuia, kwa kuwa eneo lile lilikuwa limepangwa kwa makazi. Mwaka 1992 magari yakaanza kwenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi. Ukiyasoma mashauri haya mawili pamoja unaona yaliyofanana ndani yake. Mahakama iliweza kuiambia Halmashauri isimwage wapi. Haikuweza kuipa fedha za kununua eneo, kuchimba, kuweka uzio na kufukia taka kwa udongo kila jioni.

Mwaka huo wa 1992 ulikuwa pia mwaka wa kiwango cha chini kabisa. Makadirio ya wakati ule yalionyesha kwamba Halmashauri ilikuwa ikiondoa chini ya asilimia 5 ya taka zilizozalishwa jijini. Serikali kuu, Jiji na wafadhili wakaungana katika kampeni ya dharura ya kusafisha mji, chini ya Mradi wa Dar es Salaam Endelevu uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Magari yalitengenezwa, malundo ya miaka yakaondolewa, na wakazi wakaona barabara walizokuwa wamezisahau. Kampeni ilipokwisha, swali la zamani likarudi: nani atalipia mafuta ya mwezi ujao?

Jibu lililotolewa lilikuwa kumwachia mkazi alipe moja kwa moja. Halmashauri ilitunga sheria ndogo ya ada ya taka, na mwaka 1994 ikaikabidhi kampuni moja binafsi, Multinet, kata 10 za katikati ya jiji. Kampuni ilitakiwa kuzoa taka, kukusanya ada yenyewe kutoka kwa wateja, na kuilipa Halmashauri kwa matumizi ya magari na dampo. Ulikuwa mpango wenye mantiki, ila ulitegemea jambo ambalo kampuni haikuwa nalo, yaani mamlaka. Mkazi au mfanyabiashara aliyegoma kulipa alipaswa kufikishwa mahakamani na Jiji, na Jiji lilikuwa na mashauri mengine mengi. Kampuni iliyokosa ada ilipunguza safari, na mkazi aliyeona gari haliji akazidi kukataa kulipa.

Mwaka 1996 serikali kuu iliingia tena, na safari hii kwa nguvu zaidi. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji na kuliweka jiji chini ya Tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Juu juu hatua hii ilifanana na ile ya 1974: madiwani wameondoka, mteule wa serikali ameingia. Matokeo yake hayakufanana, na tofauti hiyo inafaa kuelezwa. Uongozi wa mkoa wa miaka ya 1970 ulikuwa na mamlaka bila chanzo chake cha mapato. Tume iliachiwa mapato ya jiji lenyewe, ikayasimamia kwa ukali, na makusanyo yakapanda. Iliongeza kampuni nyingine za kuzoa taka, na kufikia mwisho wa muongo ikawa imegawa kata kwa makumi ya wakandarasi, wakiwemo vikundi vya akina mama na vijana waliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani.

Ni vizuri kuitazama kazi ya vikundi hivyo kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyofikia uchochoro ambao lori halikuufikia. Asubuhi vijana walipita na mikokoteni nyumba kwa nyumba, wakipokea viroba vya maganda ya ndizi, majivu na mabaki ya chakula. Walivishusha kwenye kizimba cha taka kando ya barabara kubwa, na hapo lori la Jiji au la mkandarasi mkubwa lilitakiwa kuvipakia na kuvipeleka dampo. Mama wa kikundi alizunguka na kitabu cha stakabadhi, akikusanya shilingi mia chache kwa kaya kwa mwezi. Sehemu ya kwanza ya kazi ilikwenda vizuri mahali pengi, kwa kuwa aliyezoa na aliyelipa walifahamiana kwa majina. Mwanya ulikuwa kwenye kizimba. Lori lilipochelewa siku nne, kizimba kilifurika, mvua ikavisukuma viroba kwenye mfereji, na lawama zikamwangukia mama mwenye stakabadhi, ilhali lori halikuwa lake.

Pamoja na kasoro hizo, takwimu zilibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiasi cha taka kilichoondolewa kilikadiriwa kufikia karibu asilimia 40, katika mji uliokuwa umekua sana. Wapo wanaoutaja muujiza huu kuwa wa sekta binafsi, na wapo wanaoutaja kuwa wa Tume. Ushahidi unaelekea kati yao: wakandarasi walikuwepo tangu 1994 bila mafanikio makubwa, na kilichoongezeka baada ya 1996 ni chombo kilichokuwa na fedha, mamlaka na wajibu kwa pamoja. Lakini kilikuwa chombo kisichochaguliwa, na wananchi hawawezi kuishi chini ya tume milele.

Mwaka 2000 Tume ilimaliza muda wake. Jiji likagawanywa kuwa manispaa tatu, Ilala, Temeke na Kinondoni, na juu yake ikabaki Halmashauri ya Jiji kwa shughuli zinazovuka mipaka, dampo likiwa mojawapo. Taka zilihama kutoka Vingunguti kwenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kila dampo liliposogea mbali, gharama ya kila safari iliongezeka, na safari ambazo lori liliweza kufanya kwa siku zikapungua.

Wakati gharama zikipanda, vyanzo vya mapato vilipungua kwa maamuzi ya juu. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na kodi nyingine zilizoonekana kero kwa wananchi, na ada za leseni za biashara zikapunguzwa mwaka uliofuata. Kwa mwananchi maskini hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, na haki yake isipuuzwe. Serikali iliahidi kufidia kwa ruzuku. Lakini ruzuku za kisekta zilizopelekwa kwenye halmashauri zilifungwa kwenye elimu, afya, maji, barabara na kilimo. Taka hazikuwa na fungu lake. Mkurugenzi aliyepokea mabilioni kwa ajili ya mishahara ya walimu hakuruhusiwa kuchota humo fedha ya dizeli ya lori la taka.

Kodi ya majengo nayo, iliyokuwa msingi wa manispaa tangu 1949, ikaanza kuhamahama. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipewa kazi ya kuikusanya jijini, baadaye ikarudishwa kwa halmashauri, na mwaka 2016 ikapelekwa tena kwa Mamlaka hiyo. Tangu 2021 hutozwa kupitia mita za umeme, kwa kiwango cha awali cha shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba serikali kuu hukusanya kwa ufanisi zaidi, na kwamba mita haina upendeleo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkazi anayenunua umeme leo haoni uhusiano wowote kati ya kodi yake na kizimba cha mtaa wake, na diwani anayebanwa kuhusu kizimba hicho hana neno juu ya kodi ile.

Kwa upande wa usimamizi, sheria ziliongezeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliziagiza halmashauri kupunguza, kutenganisha na kutupa taka kwa usalama, na ikalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira uwezo wa kukagua na kutoza faini. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ikaongeza masharti yake. Halmashauri ikajikuta na wasimamizi wengi: TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), Ofisi ya Makamu wa Rais, Wizara ya Afya na ofisi ya mkoa. Kila mmoja aliweza kuuliza kwa nini taka hazijaondoka. Hakuna kati yao aliyekuwa na fungu la kuziondoa.

Miaka iliyofuata ilionyesha tena desturi ya serikali ya juu kuingia kwa kishindo. Kipindupindu kilizuka Dar es Salaam Agosti 2015. Desemba 9 mwaka huo Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuwataka wananchi wafanye usafi; mwenyewe akatoka kuokota taka pamoja nao. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukapata nguvu nchini. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilibadilisha sura ya mifereji kuliko kampeni nyingi, kwa sababu ilipunguza taka kabla hazijazalishwa. Katika miji mingine, kama Mbeya, Tanga na Mtwara, mkopo wa Benki ya Dunia kupitia serikali kuu ulijenga madampo ya kisasa. Mpango kama huo ni msaada mkubwa, lakini huja mara moja, ilhali katapila la kufukia taka huhitaji mafuta na dereva kila siku ya mwaka.

Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kueleweka: ngazi ile ilitumia fedha za manispaa bila kuwa na eneo lake la kuhudumia wananchi. Wakati huo manispaa zilikuwa tano, kwa kuwa Ubungo na Kigamboni zilikwisha kuanzishwa. Hata hivyo, taka hazitambui mipaka ya halmashauri. Pugu Kinyamwezi imo ndani ya Ilala, na mto Msimbazi hupokea uchafu kutoka zaidi ya halmashauri moja. Kazi ya kuoanisha mipango ya halmashauri zote imebaki kwa ofisi ya mkoa, ambayo inaweza kuita vikao na kutoa maagizo, lakini haikusanyi ada ya taka hata ya kaya moja.

Historia hii ya zaidi ya miaka 70 haithibitishi kwamba serikali ya juu haifai kuingilia. Tume ya 1996 ilifanya kazi, na marufuku ya mifuko ilifanya kazi. Haithibitishi pia kwamba halmashauri ikiachwa peke yake itafaulu, kwani iliyokuwepo 1991 iliomba ruhusa ya kuendelea kuwafukiza watu wa Tabata. Inachoonyesha ni kwamba kila mageuzi yaliyoacha wajibu upande mmoja na fedha upande mwingine yalishindwa, hata yalipoongozwa na watu wenye nia njema. Kazi ya serikali ya juu ni kugharimia vile ambavyo manispaa moja haiwezi kubeba peke yake, yaani dampo la pamoja na uendeshaji wake wa kila siku, na kuvipa fungu la kudumu katika bajeti kama ilivyo kwa shule na zahanati. Kazi ya halmashauri ni kuzoa kutoka mlangoni hadi kwenye dampo hilo, kwa mapato inayoyakusanya yenyewe na kuyatolea hesabu mbele ya walioyalipa. Kabla ya ngazi yoyote kuvunjwa au kuundwa tena, wananchi wa Dar es Salaam wana haki ya kuonyeshwa ukurasa wa bajeti unaotaja nani atalipia dizeli ya mwezi ujao.